Kutoka Hopkins hadi Kinamasini

 

Mtakumbuka kwamba kwenye mkutano wa Januari niliuliza swali likakosa jibu: kile chombo cha kuwekea mishale, kinachovaliwa mgongoni au kiunoni, kinaitwaje kwa Kiswahili? Mmoja alisema "mfuko wa mishale". Mwingine akasema tuliache, maana nani atalihitaji neno hilo Minnesota? Mimi nililihitaji. Likizo ya Machi nilikuwa naenda Louisiana kuwinda nguruwe mwitu kwa upinde, kwa mara ya kwanza maishani, na nilikuwa nimeshaahidi makala kwa gazeti letu.

Usiku ule nilimpigia simu babu. Saa tatu usiku ya Hopkins ni saa kumi na mbili asubuhi ya Kilifi, kwa hiyo nilimkuta ameamka, anakunywa chai. "Hilo ni podo," alisema bila kufikiri. Kisha akaendelea bila kuulizwa: uzi wa upinde ni upote, mti wa mshale ni wano, chuma cha mbele ni kigumba, na mnyama hapigwi mshale, hufumwa. Nikayaandika yote nyuma ya risiti. Mimi nilimjua babu kama mzee wa mahindi na mbuzi tu. Nilipomuuliza alijifunza wapi, alijibu, "Kwa baba yangu," halafu akauliza habari za baridi.

Baba ndiye aliyenieleza zaidi, siku tuliyokuwa tunaondoa theluji mbele ya nyumba. Babu alikuwa mwindaji, na aliwahi kufungwa kwa ajili hiyo.

Upinde wa mjini

Hopkins ni mji mdogo magharibi mwa Minneapolis. Unajulikana kwa sherehe ya rasiberi iliyoanza mwaka 1935, wala haujulikani kwa uwindaji. Lakini upinde uko karibu nasi kuliko wengi wetu wanavyodhani. Msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde katika Minnesota huanza katikati ya Septemba na kwisha tarehe 31 Desemba. Baadhi ya miji ya pembezoni kama wetu huwaruhusu wawindaji maalumu wa upinde kuingia katika maeneo ya bustani kupunguza kulungu, kwa kuwa si salama kupiga risasi karibu na nyumba za watu.

Mimi nilianza kulenga shabaha nikiwa sekondari, ndani ya ukumbi wa michezo. Upinde wangu ni wa kapi. Aina hii ilibuniwa na Holless Wilbur Allen wa Missouri, aliyepata hataza yake mwaka 1969. Ncha zake mbili zina magurudumu yanayofanya kazi kama kapi za jahazi: mwanzoni unavuta kwa nguvu zako zote, ukifika mwisho uzito unapungua ghafla, nawe unaweza kutulia na kulenga. Wangu una nguvu ya ratili 50, lakini ukishavutwa wote nashikilia kama ratili 10 tu.

Minnesota haina nguruwe mwitu waliojikita, wako kusini. Nao si ngiri, wala si nguruwe pori wetu wa Afrika. Ni uzao wa nguruwe wa kufugwa. Mhispania Hernando de Soto alishuka Florida mwaka 1539 akiwa na nguruwe kama akiba ya chakula cha msafara wake, na baadhi wakapotelea msituni. Baada yake, kwa karne nyingi wakulima waliwaachia nguruwe wao wajitafutie chakula porini. Mwanzoni mwa karne ya 20, matajiri wakaleta nguruwe mwitu wa Ulaya kwa ajili ya kuwinda, wakachanganyika na wale. Leo wizara ya kilimo ya Marekani inakadiria kuwa wako zaidi ya milioni 6, katika majimbo yapatayo 35. Jike anaweza kuzaa hata mara mbili kwa mwaka. Hufukua mashamba, huchafua maji, hula mayai ya ndege na kasa. Ndiyo maana katika mashamba ya watu binafsi Louisiana huruhusu wawindwe mwaka mzima.

Leseni yenyewe haikunisumbua. Sheria ya Louisiana inamtaka mtu yeyote aliyezaliwa tangu Septemba 1, 1969 awe amesomea usalama wa uwindaji, na mimi nilikuwa na cheti. Nikajaza fomu kwenye simu, nikalipa kwa kadi. Leseni ilifika kabla chai yangu haijapoa.

Maili 1,200

Tulikwenda watatu kwa gari: mimi, baba mdogo, na mwenzangu wa klabu ambaye wazazi wake wanatoka Pemba. Huyu ni Mwislamu na nguruwe hamgusi. Alikuja kwa ajili ya safari na picha. "Mimi dereva na mshika tochi tu," alisema, "msinipe kazi nyingine."

Toka Hopkins hadi upande wa Baton Rouge ni kama maili 1,200. Tuliacha theluji, tukakuta nyasi, kisha tukakuta mbu. Mto Mississippi tuliouacha umepakana na barafu mjini Minneapolis, tulipoukuta kule ulikuwa mpana na wa rangi ya tope. Sehemu ya maji yake huchepushwa kuingia mto Atchafalaya, na bonde la mto huo ndilo kinamasi kikubwa kuliko vyote vya mto nchini Marekani.

Ni katika mwendo huo, usiku, baba mdogo alisimulia habari za babu. Sisi ni Wagiriama, na bara ya Kilifi majirani zetu ni Waata, ambao Wagiriama huwaita Waliangulu. Waata walikuwa wawindaji wa tembo kwa upinde. Pinde zao zilikuwa na nguvu ya zaidi ya ratili 100, tena bila kapi wala gurudumu. Vigumba walivipaka sumu iliyopikwa kutokana na mti wa msunguti. Baba yake babu alijifunza kwao.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilitangaza Tsavo kuwa hifadhi ya taifa. Ardhi waliyowinda Waata ikawa marufuku kwao. Mwaka 1956 na 1957 ikafanywa operesheni kubwa dhidi ya ujangili, wakakamatwa wengi, wakafungwa. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, mashariki mwa hifadhi, ili Waata wawinde tembo kwa idadi na kwa sheria, lakini haukudumu. Kisha mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote.

Babu alikamatwa baada ya hapo, akiwa na upinde na nyama ya paa. Alikaa ndani miezi sita. Aliporudi, hakuna aliyemwona tena na upinde.

Mwenzangu aliuliza swali ambalo na mimi nilikuwa nalo: je, sheria ilikosea? Baba mdogo aliendesha kitambo bila kusema. "Sisemi ilikosea," akajibu. "Pembe zilikuwa zinanunuliwa na watu wakubwa, tembo walikuwa wanakwisha. Lakini mtu akifuma paa wa kulisha watoto aliitwa jangili, na mgeni aliyekuja na bunduki na leseni aliitwa mwindaji. Mzee hakuudhiwa na kifungo sana. Aliudhiwa na jina."

Nilikuwa na leseni mfukoni. Sikusema kitu.

Dungu

Shamba tulilokaribishwa ni la rafiki wa kazini wa baba mdogo. Ni shamba la miwa, na nyuma yake kinaanza kinamasi: miti ya saiprasi imesimama ndani ya maji, na matawini vinaning'inia vitu vya kijivu kama ndevu za mzee. Ukingoni mwa shamba ardhi ilikuwa imefukuliwa kama kwamba trekta lilipita likiwa na dereva mlevi. Kulikuwa na matope waliyogaagaa, na mashina waliyojisugulia hadi urefu wa paja langu.

Tulipewa kibanda cha kukalia juu ya mti. Nilimwuliza baba mdogo kinaitwaje. "Dungu," alisema. "Nyumbani tulikaa juu yake kulinda mahindi. Na tuliowalinda nayo ni haohao, nguruwe."

Nguruwe haoni vizuri, lakini pua yake ni kali mno. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni upepo. Baba mdogo alinieleza kwa maneno ya mabaharia: mnyama awe joshini, wewe uwe demani, upepo utoke kwake uje kwako. Jioni ya kwanza upepo uligeuka, tukasikia miguno na vishindo vikienda zao. Tukarudi na kuumwa na mbu.

Jioni ya pili, jua likikaribia kuzama, walitokea saba. Mbele majike mawili na watoto, nyuma dume la makamo, jeusi, peke yake. Niliwaacha majike wapite. Dume likasimama ubavu, hatua kama kumi na nane. Nilivuta upinde na nikasikia moyo wangu masikioni. Moyo na mapafu ya nguruwe viko chini na mbele, nyuma tu ya mguu, na mabegani dume lina gamba gumu kama ngao. Nilijua yote hayo. Nililenga hapo. Wakati naachia, akapiga hatua moja.

Mshale uliingia nyuma ya pale nilipotaka.

Hakuanguka. Aliguna, akakimbilia majini, na wote wakatoweka. Baba mdogo alinishika bega, akasema tungoje. Ukimfuata mnyama aliyejeruhiwa mapema, hukimbia mbali zaidi. Tulingoja saa nzima gizani. Sijawahi kukaa saa ndefu kama ile. Nilifikiria sumu ya Waata. Siku zote niliidhani ni ukatili. Kwenye dungu lile nilielewa kwamba ilikuwa pia njia ya kumaliza upesi.

Tuliposhuka, tuliona damu kwenye majani, matone makubwa, kisha madogo, kisha maji. Pale ikaisha. Baba mdogo alizunguka kushoto, mimi kulia. Nilianza kujisemea kwamba nimemwua mnyama bure, na kwamba nitaandika nini kwenye gazeti.

"Hapa," alisema mwenzangu.

Alikuwa ameinama upande wa pili wa maji, magoti yote mawili matopeni, tochi mdomoni. Tone moja kwenye gome la mti, kwa urefu wa ubavu wa nguruwe. Hatua nne mbele, jingine. Yeye ndiye aliyetuongoza hadi mwisho, zaidi ya hatua mia mbili, hadi tulipomkuta amelala kando ya gogo, amekufa. Hapo akasimama mbali, akanawa mikono kwa maji ya chupa, akasema, "Haya, mimi nimemaliza."

Baadaye nilimuuliza kwa nini alijitahidi vile kwa ajili ya mnyama asiyemhusu. Alisema kumwacha kiumbe ateseke si halali kwa yeyote, awe nguruwe au mbuzi.

Tulimchuna kwa glavu, kwa sababu nguruwe hawa huweza kubeba bruselosi, ugonjwa unaoingia hata kwenye mkwaruzo mdogo wa mkono. Nyama yake huivishwa hadi ndani, nyuzi 71 za Selsiasi. Nusu tulimwachia mwenye shamba. Usiku ule sisi tulikula nguruwe, na mwenzangu akala kambare wa kukaanga, na wali ulikuwa mmoja.

Simu ya Kilifi

Nilimpigia babu kwa video kabla hatujaanza safari ya kurudi. Hakusema hongera. Aliuliza upepo ulitoka wapi. Aliuliza alikimbia hatua ngapi. Kisha akauliza ilipita muda gani kati ya mshale na kumpata, nami nikamwambia ukweli: saa nzima tulingoja, na karibu nusu saa tulitafuta.

"Ni mingi," alisema.

"Ni mingi, babu. Nisamehe."

"Usiniombe mimi. Fanya mazoezi." Akanyamaza. Halafu akauliza, sauti yake ikishuka kidogo, "Na askari hawakukusumbua?"

"Hapana, babu. Nina leseni."

"Nionyeshe."

Nikaitafuta ile nakala niliyokuwa nimeichapisha, nikaikunjua mbele ya kamera. Babu hakisomi Kiingereza. Alisogeza simu karibu na uso hadi nikaona jicho lake moja tu, likipita polepole juu ya karatasi.

"Jina letu lipo hapo," alisema.

"Lipo, babu. Mstari wa kwanza."

Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. Nilisikia jogoo wake.

"Ukija Desemba, ilete hiyo karatasi," alisema hatimaye. "Nami nitakuonyesha podo langu lilipo."