NJIA MBILI ZILIMSHINDA FISI. JE, KOMPYUTA?

Muhula wa kwanza nilitumwa nyumbani kuleta karo, na siku hiyo sitaisahau. Mamangu huweka pesa zake katika tawi la chama kimoja cha akiba na mikopo. Tulifika saa mbili asubuhi, tukapiga foleni. Zamu yetu ilipofika, karani akasema, "Pole mama, hakuna netiwaki. Sistimu imelala tangu jana." Tulingoja hadi saa tisa. Pesa zilikuwepo, na jina la mama lilikuwepo, lakini hatukupata hata ndururu. Nilikosa masomo siku mbili pamoja na mtihani wa Hesabu.

Jioni nilimwendea mjomba, ambaye ni fundi wa kompyuta. "Mjomba, waya mmoja unawezaje kufunga ofisi nzima?" Alicheka, kisha akanieleza haya ninayowaeleza nyinyi.

Biashara yenye matawi mengi huyaunganisha kwa mtandao mpana. Kwa desturi ya zamani, tawi hukodi laini moja ya bei ghali hadi makao makuu. Tingatinga likikata waya huo, tawi zima limekwama. Tena fundi hulazimika kusafiri tawi hadi tawi akipanga mitambo.

Katika miaka ya 2010 ulianza kuenea mtandao mpana unaoongozwa kwa programu, ambao mafundi huuita SD-WAN. Kila tawi huwekewa kisanduku kilichounganishwa na njia mbili au zaidi: faiba, mtandao wa simu, au hata setilaiti. Kisanduku hupima kila mara ni njia ipi inachelewa na ipi inapoteza data, kisha huchagua. Ni kama makanga hodari. Akisikia kuna msongamano mbele, humwambia dereva apitie njia ya panya, na abiria wanafika. Data za maana hutangulizwa, na kwa kawaida husafiri zikiwa zimefungwa kwa siri. Fundi naye hupanga matawi yote akiwa ameketi makao makuu.

Faida zake ni tele. Katika benki, faiba ikikatika, mteja huendelea kuhudumiwa kupitia mtandao wa simu. Hospitalini, picha ya eksirei ya mgonjwa aliye mashambani humfikia daktari bingwa mjini bila kungoja nyuma ya mtu anayetazama sinema. Katika duka kubwa, malipo ya kadi hutengwa na intaneti ya bure ya wateja, hivyo mwizi hapati upenyo kwa urahisi. Kampuni ya ujenzi nayo ikihamia mahali papya huweza kuanza kazi kwa laini ya simu kabla faiba haijafika.

Hata hivyo, tusidanganyike. Kisanduku hicho hakifanyi kazi bila stima. Pia, njia mbili zikipita katika mtaro mmoja, jembe moja huzikata zote. Mnamo tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ilizorota Kenya, Tanzania na kwingineko. Waliokuwa na njia nyingine, kama ule waya wa TEAMS utokao Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu, walikuwa na pa kupitia. Kwa hivyo si idadi ya njia tu, bali ziwe mbalimbali kwelikweli.

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Walisema kweli, kwa maana fisi alitaka kuzifuata zote kwa pamoja kwa tamaa yake. Kisanduku hiki hakina tamaa. Hupima kwanza, kisha huamua.

Nilimuuliza mjomba kwa nini chama chetu hakina kitu hicho. Akajibu, "Mpwa wangu, wakubwa huona gharama ya laini ya pili. Gharama ya foleni hawaioni, kwa sababu hawapangi."

Basi, wanafunzi wenzangu, baadhi yenu mtakuwa mameneja kesho. Mkiletewa hesabu ya laini ya pili mkaiona ghali, ikumbukeni foleni ya mamangu.