Ukibanwa na mawazo, anza kwa kutoa pumzi

Mtu akipokea taarifa mbaya, walio karibu naye humwambia haraka: "Vuta pumzi." Naye huvuta kwa nguvu, mabega yakapanda, kisha anaibana hewa kifuani na kungoja nafuu. Ushauri huo una nia njema, lakini umeishia nusu ya njia. Kinachoutuliza mwili zaidi ni hewa inayotoka, tena ikitoka polepole.

Jambo hili unaweza kulipima mwenyewe hapo ulipo. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, utafute mapigo. Ukiyapata, vuta hewa taratibu kwa pua, kisha iachie taratibu zaidi. Watu wengi, hasa vijana, wataona mapigo yanaongeza mwendo kidogo hewa inapoingia, na yanapunguza inapotoka. Usishtuke, ndivyo moyo wenye afya unavyokwenda.

Kazi hiyo hufanywa na mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaoshuka kutoka kwenye ubongo, ukapita shingoni na kufika kwenye moyo, mapafu na tumbo. Mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi, akiwa Graz nchini Austria, aliuchochea mshipa huo kwenye moyo wa chura, mapigo yakapungua. Kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo huo na kuyatia kwenye moyo wa chura mwingine. Moyo wa pili nao ukapunguza mwendo, ingawa mshipa wake haukuguswa. Kumbe mshipa ulikuwa umemwaga kemikali ya kuutuliza. Mwaka 1936 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Henry Dale. Kinachotuhusu sisi ni hiki: tunapovuta hewa, vagasi hulegeza kazi yake, tunapoitoa, huirudia. Anayeitoa kwa muda mrefu anauongezea moyo wake muda wa kupoa.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mwenye hofu huhema upesi kuliko hapo, tena kwa kifua cha juu tu. Hewa ya ukaa ikipungua mno kwenye damu, kichwa huwa chepesi, vidole na midomo hufa ganzi, na mwenyewe huamini kabisa kwamba anakufa. Kumhimiza mtu wa namna hiyo avute tena na tena ni kumzidishia.

Kiwango ambacho watafiti hukitaja sana ni kama pumzi 6 kwa dakika, yaani sekunde 10 kwa kila pumzi. Desemba 2001 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, na wenzake. Waliwapima watu 23 wenye afya wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakitamka maneno ya yoga. Njia zote mbili ziliwashusha hadi kama pumzi 6 kwa dakika, na mwili ukawa mwepesi zaidi wa kurekebisha shinikizo la damu. Aliyewahi kusali na jumuiya ndogondogo jioni ataelewa kwa nini. Kiongozi anaanza Salamu Maria, wengine wanasikiliza, kisha wanaitikia kwa pamoja. Wakati wa kusikiliza hewa inaingia. Wakati wa kuitikia inatoka, ndefu na bila kusukumwa. Nadhani hata anayebaki msikitini na tasbihi yake baada ya alfajiri, asiye na haraka, anaujua utulivu huo. Sala ina makusudi makubwa zaidi ya hayo, ila mwili wa anayesali nao hupata fungu lake.

Nje ya sala, hesabu inatosha. Keti, egemeza mgongo, legeza mkanda, weka kiganja juu ya kitovu. Vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo likiinua kiganja. Toa ukihesabu hadi sita. Mawazo yatahama, yaende kwenye ada ya watoto, kwenye mkopo wa kausha damu, kwenye ujumbe ambao bosi hajaujibu. Ukigundua yamehama, rudi kwenye hesabu bila kujigombeza. Kurudi huko ndiko zoezi lenyewe, na ndiko mwalimu Jon Kabat-Zinn alikowafundisha wagonjwa wa maumivu sugu huko Massachusetts, Marekani, kuanzia mwaka 1979.

Dakika 5 kwa siku si haba. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2023 uliwafuatilia watu kwa mwezi mmoja. Waliofanya zoezi la kuvuta hewa mara mbili mfululizo na kushusha pumzi moja ndefu walichangamka kuliko waliokaa wakiifuatilia pumzi bila kuibadilisha. Fanya siku ambazo huna shida, hata ndani ya daladala kwenye foleni ya Kimara, maana mwili usiozoea hautatii siku ya kishindo.

Ukisikia kizunguzungu, unavuta nyingi mno, punguza. Mwenye pumu akibanwa atumie kwanza dawa yake ya kuvuta, na mwenye presha asiache vidonge. Wapo pia ambao kuifuatilia pumzi huwazidishia hofu, hasa waliopitia ukatili au ajali. Hao waikazie macho miti ya nje, wazihisi nyayo sakafuni, na wamwone mtaalamu.

Deni nalo halipungui kwa kupumua. Mwajiri anayewashindisha watu kazini saa 14 na kuwaletea mkufunzi wa pumzi mwisho wa mwezi bado hajagusa kinachowaumiza. Apunguze saa kwanza, mkufunzi aje baadaye.