Rehani ya Nyumba Huanza na Hati

Chakula, mavazi na nyumba ni mahitaji matatu makubwa ya binadamu. Mawili ya kwanza mtu huweza kuyapata kwa mshahara wa mwezi. La tatu ni zito. Mfanyakazi wa kawaida katika miji ya Mbale na Jinja, awe mwalimu, muuguzi au karani, akitaka kununua nyumba kwa fedha taslimu, huenda akajaa mvi kabla akiba yake haijatosha. Ndiyo sababu wananchi wengi wa Malukhu, mtaa ulioko Mbale chini ya mlima Wanale, na wenzao wa Walukuba na Masese huko Jinja, hujenga kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, na mabati Mungu akijalia.

Njia nyingine ni rehani. Katika rehani ya nyumba, benki humlipa muuzaji, naye mnunuzi huingia katika nyumba na kuanza kulipa deni kila mwezi. Nyumba ni yake, lakini deni la benki huandikwa juu ya hati ya nyumba hiyo mpaka shilingi ya mwisho ilipwe. Nchini Uganda jambo hili si geni. Kampuni ya serikali ya kukopesha fedha za nyumba, Housing Finance, iliundwa mwaka 1967, na mwaka 2008 ikawa benki kamili. Benki nyingine nazo zimeingia katika kazi hiyo. Sheria ya Rehani ilipitishwa mwaka 2009, na kanuni zake zikatolewa mwaka 2012. Njia ipo na sheria ipo. Hata hivyo wananchi wengi hukwama mlangoni, kwa sababu huanza mahali ambapo walipaswa kumalizia.

Makosa yenyewe ni haya. Mtu huona nyumba, hukubaliana bei na muuzaji, huandika makubaliano mbele ya mwenyekiti wa LC na mashahidi wawili, hugongewa muhuri, na kutoa nusu ya fedha. Baada ya hapo ndipo huenda benki kuomba nusu iliyobaki. Huko huulizwa swali moja tu: hati iko wapi? Karatasi ya mwenyekiti wa LC ni ushahidi kwamba watu wawili walipatana. Si hati ya kumiliki ardhi, wala benki haiwezi kuandika rehani juu yake. Muuzaji amekwisha kula fedha, benki imefunga daftari lake, na akiba ya miaka kumi imetoweka kwa siku moja.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuitazama hati kabla ya kutoa hata senti moja. Katiba ya mwaka 1995 ilitamka kwamba ardhi ya Uganda ni ya wananchi, na ikataja namna nne za kuimiliki: umilikaji wa kimila, umilikaji wa kudumu, mailo, na ukodishaji wa miaka maalumu. Katika nchi ya Bugisu sehemu kubwa ya ardhi ni ya kimila, hurithiwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ilitoa nafasi ya kupata cheti cha umilikaji wa kimila, lakini benki kwa kawaida hupendelea hati iliyosajiliwa. Mijini viwanja vingi ni vya kukodishwa. Hapo mnunuzi hana budi kuuliza miaka mingapi imebaki, kwani hakuna benki itakayotoa mkopo wa miaka 15 juu ya kiwanja kilichobakiwa na miaka 5.

Hapa ndipo ulipo umuhimu wa mipango kama ule wa Malukhu. Katika miaka ya 1990 serikali iliendesha huko mpango wa makazi kwa watu wa kipato cha chini. Jinja ilikuwa imetangulia kwa mpango wa akina mama wa Masese, ulioanza mwaka 1989 kwa msaada wa Denmark. Watu huikumbuka mipango hiyo kwa matofali na kuta zake. Lakini thamani ya kiwanja haimo katika kuta peke yake. Kiwanja kilichopimwa, kikapewa namba na kuandikwa katika daftari la serikali, huweza kumsimamia mwenyewe mbele ya benki. Nyumba ya jirani huenda ikawa nzuri zaidi, lakini ikiwa haina hati, mbele ya benki ni kama haipo.

Hatua ya pili ni kuhakikisha kwamba hati inayoonyeshwa ni ya kweli. Mbale ina ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi, na Jinja inayo pia. Mwananchi akienda na namba ya kiwanja na kulipa ada, huelezwa jina la mwenye ardhi, kama kuna rehani ya zamani, na kama kuna zuio lililowekwa na mtu mwingine. Wakazi wa miji hii miwili wana sababu ya pekee ya kuwa waangalifu. Waasia walipofukuzwa nchini mwaka 1972, majumba yao mengi ya Jinja na Mbale yalishikwa na serikali na kugawiwa watu wengine. Baadaye sheria ya mwaka 1982 iliwapa wenyewe haki ya kudai mali zao. Walikuwapo walionunua kwa nia njema kisha wakajikuta mahakamani. Daftari la ardhi lina kumbukumbu ndefu kuliko maneno ya muuzaji.

Aidha, mnunuzi aende kiwanjani pamoja na mpima ardhi ili alama za mipaka zifunuliwe, na awaulize majirani. Aulize pia kama muuzaji ana mke au mume anayeishi katika nyumba ile. Sheria hairuhusu makazi ya familia kuuzwa wala kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzi. Sharti hilo litamlinda mnunuzi mwenyewe kesho: siku atakapoweka sahihi benki, mwenzi wake naye ataitwa, aelezwe maana ya rehani na kutoa idhini yake.

Hatua ya tatu ndiyo benki. Benki hutazama mshahara au hesabu za biashara, humtuma mthamini kuikagua nyumba, kisha hutaja kiasi itakachokopesha. Mara nyingi haitoi bei yote. Mnunuzi hutakiwa kuleta sehemu yake. Tuseme nyumba ni ya shilingi milioni 80, mnunuzi ana milioni 20, na benki inatoa milioni 60 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka. Akichagua kulipa kwa miaka 15, atatoa karibu shilingi 923,000 kila mwezi. Katika malipo ya mwezi wa kwanza, shilingi 850,000 ni riba. Deni lenyewe litapungua kwa 73,000 tu. Mwisho wa miaka 15 atakuwa amelipa karibu milioni 166. Akichagua miaka 10, atatoa kiasi cha shilingi 1,043,000 kwa mwezi, na jumla itakuwa karibu milioni 125. Tofauti ya shilingi 120,000 kila mwezi humwokolea milioni 41. Hesabu hii hapana budi ifanywe nyumbani, kabla ya sahihi.

Gharama nyingine nazo zisisahauliwe. Ushuru wa stempu wa kuhamisha hati ni asilimia 1.5 ya thamani ya nyumba. Kwa mfano wetu, hizo ni shilingi 1,200,000. Yako pia malipo ya wakili, ya mthamini na ya bima. Bima ya maisha isidharauliwe: mwenye deni akifariki, ndiyo hulipa deni ili wajane na yatima wasitolewe nje.

Je, malipo yakikwama? Hapo hofu huwafanya wengi kujificha, na kujificha ndiko kunakowaangamiza. Sheria ya mwaka 2009 haikuiruhusu benki kuuza nyumba kwa ghafla. Benki hutoa kwanza taarifa ya maandishi, na mdaiwa hupewa siku 45 za kazi kurekebisha mambo. Akishindwa, hutolewa taarifa ya kuuza yenye siku 21 za kazi. Anayetaka mahakama isimamishe mnada huweza kuamriwa kuweka asilimia 30 ya deni au ya thamani ya nyumba katika mauzo ya lazima, kiasi ambacho aliyekosa malipo ya mwezi hakipati kwa urahisi. Kwa hiyo yule anayeona mshahara umechelewa au biashara imelegea aende benki mapema, kabla ya taarifa ya kwanza, aombe malipo yapangwe upya.

Iko hatua ya mwisho ambayo furaha huwasahaulisha wengi. Deni likiisha, mwenye nyumba adai karatasi ya kuifungua rehani, aipeleke ofisi ya ardhi, na ahakikishe kwamba deni limefutwa katika daftari. Asipofanya hivyo, watoto wake watarithi nyumba iliyolipiwa lakini bado imefungwa.

Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hiyo haiwakatazi watu kukopa. Inawaonya wanaokopa bila kuhesabu. Mwananchi wa Malukhu au wa Masese anayeanza na hati, akafuata daftari la ardhi, akakaa na mwenzi wake kupiga hesabu, ndipo akaingia benki, ameweka msingi kabla ya kuta. Na hivyo ndivyo nyumba inavyojengwa.