Sendika, Kilio na Kumbukumbu: Jumuiya ya Wafanyakazi wa Migodi ya Kolwezi

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi chama cha wafanyakazi kinavyokuwa mlinzi wa kumbukumbu ya wafu wake. Mfano wetu ni migodi ya shaba ya Kolwezi, mkoani Lualaba, pamoja na miji ya Likasi na Lubumbashi iliyokuwa chini ya kampuni ileile. Tunapotaja sendika, neno ambalo Kiswahili cha Katanga kililitwaa kutoka Kifaransa, aghalabu tunafikiria mishahara na migomo tu. Hoja yetu ni kwamba umoja wa wafanyakazi ulikuwa na mzizi mwingine, nao ni kilio. Na kwamba swali la nani anastahili kuliliwa ndilo kipimo cha umoja huo.

2. Kambi na kilio

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ilianza kuwapa wafanyakazi mikataba mirefu na kuwaruhusu kukaa na wake zao kambini, ambako walipata nyumba, posho na matibabu. Kijana aliyetoka Musumba, makao ya Mwant Yav huko Kapanga, aliuacha nyuma ukoo uliokuwa na wajibu wa kumzika. Alipofariki kambini, wajibu huo uliwaangukia wenziwe wa kazi na majirani.

Katika Kiswahili cha huku, kilio si machozi peke yake. Ni mkusanyiko wenyewe nyumbani kwa marehemu: watu hukesha nje, huimba, na mchango hukusanywa. Mchango wa kazini huandikwa katika orodha, jina kwa jina, na mara nyingi delege wa sendika ndiye anayeipitisha. Anayeandikwa humo huhesabiwa kuwa ndugu, hata kama hana lugha moja ya mama na marehemu. Kwa hiyo Kiswahili hakikuwa lugha ya kupokelea amri za kazi tu. Kilikuwa pia lugha ya kuliliana.

3. Desemba 1941

Wafanyakazi Waafrika hawakuruhusiwa kuunda vyama vyao hadi mwaka 1946. Hata hivyo, Desemba 1941, gharama za maisha zilipopanda wakati wa vita, wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Tarehe 9 Desemba askari waliwafyatulia risasi waliokusanyika katika uwanja wa mpira mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Makumi waliuawa, miongoni mwao Léonard Mpoyi, karani aliyesema kwa niaba ya wenzake. Katika miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliyaingiza mauaji hayo katika picha zake za historia ya nchi. Kwa hiyo waliouawa walikumbukwa na watu wa mitaani, si katika majalada ya kampuni peke yake.

4. Orodha iliyokatwa

Jina la Mpoyi ni miongoni mwa majina yanayosikika sana Kasai. Jambo hili lina uzito kwetu. Mnamo 1992 na 1993, Likasi kwanza na kisha Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao na katika kazi zao. Maelfu walipiga kambi kwenye vituo vya reli wakingoja treni, na wengi walifia huko au njiani. Walikuwemo watu waliokuwa wamechangia vilio vya majirani zao miaka mingi. Orodha ya mchango ilikuwa haijawahi kuuliza asili ya mtu. Sasa asili ikatangulia jina.

Pigo la pili lilikuwa la namna nyingine. Tangu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi Union Minière, waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Aliyefutwa katika orodha ya mshahara alitoka pia katika orodha ya mchango wa kazini. Mitaa kama Luilu na Kapata ikabaki na wazee waliozika wengi, lakini ambao hawana tena kampuni wala delege wa kuwazika.

5. Hitimisho

Kutokana na hayo, hapana budi sendika za leo zijiulize zinawakumbuka nani. Kumtaja Mpoyi kila mwaka na kuwanyamazia waliofia kwenye vituo vya reli ni kukumbuka nusu. Wanafunzi wetu wa Kiswahili nao wana kazi hapa. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji wa Elisabethville kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani. Wafanyakazi wa migodi nao wana daftari na orodha zao za mchango. Tuziombe, tuzinakili na kuzisoma kabla mchwa hawajazimaliza. Ndani yake mna majina ya watu waliokuwa ndugu kwa sababu tu waliliana.