Mtoto Mdogo Mwenye Kiu Isiyokwisha

Watu wengi wa kwetu wakisikia habari za ugonjwa wa kisukari hufikiri juu ya watu wazima: mzee mwenye kitambi, au mama mtu mzima ambaye daktari amemkataza chai ya sukari. Hiyo ni aina moja, nayo ndiyo inayoonekana kwa wingi. Lakini iko aina nyingine, iitwayo aina ya kwanza, ambayo huweza kumpata mtoto wa miaka minane, au wa minne, au hata yule aliye bado mgongoni mwa mama yake. Habari za aina hiyo nataka kuzieleza hapa, hasa jinsi ya kuitambua na kuipima. Maana mtoto akiipata na asitambuliwe, hufa kwa muda wa siku chache au majuma machache, na mara nyingi wenyewe nyumbani husema amekufa kwa malaria.

Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kiitwacho kongosho. Ndani yake mna mafungu madogo ya chembe, ambayo yaliandikwa habari zake mara ya kwanza mwaka 1869 na Mjerumani Paul Langerhans, aliyekuwa bado mwanafunzi wa utabibu, hajatimiza miaka 22. Yeye hakujua kazi yake ni nini. Aliyaona tu kwa hadubini akayaeleza. Siku hizi twajua kuwa humo hutengenezwa insulini, na insulini ndiyo inayoiwezesha sukari iliyo katika damu kuingia ndani ya chembe za mwili ikatumike. Katika kisukari cha aina ya kwanza, askari wa mwili, wale wapiganao na vijidudu, huzigeukia chembe hizo za kongosho na kuziua. Mtoto hakulamba sukari mno, wala mama hakukosea chakula, wala hakuna aliyemroga. Na ugonjwa huu hauambukizi.

Basi hali ya mtoto huyo ni kama ya nyumba iliyo na ghala ya mahindi imejaa mpaka juu, na mwenye ufunguo amekufa. Watu wanalala na njaa mlangoni pa ghala. Sukari imejaa katika damu, na mwili unakonda.

Kwa kawaida figo hazipotezi sukari, huirudisha damuni. Lakini sukari ikizidi kadiri fulani, yapata milimoli 10 katika lita moja ya damu, figo hushindwa kuirudisha yote, nayo humwagika katika mkojo. Haiendi peke yake. Huvuta maji mengi pamoja nayo. Kwa hiyo mkojo ndio utanguliao, na kiu hufuata nyuma. Nalikaza neno hili kwa sababu wakubwa wengi huliona kinyume. Husema mtoto anakojoa kitandani kwa kuwa anakunywa mno, kisha humnyima maji tangu jioni. Lakini mtoto huyo anakunywa kwa kuwa amekojoa. Kumnyima maji ni kumkausha tu, na sukari inabaki pale pale.

Dalili zenyewe hazihitaji elimu kubwa. Mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani anaanza tena, miezi au miaka baada ya kuacha. Mtoto mchanga analowesha nguo kupita desturi, nazo ni nzito. Anaamka usiku kuomba maji, na akinyimwa huyafuata popote, hata katika ndoo ya kuogea. Anakula, pengine kuliko ndugu zake, na huku anakonda. Amechoka, hataki kucheza. Wengine hupata utando mweupe mdomoni, au vidonda vya ukungu mahali pa nepi visivyopona. Na penye mkojo hukusanyika sisimizi, jambo ambalo bibi zetu walilijua kabla ya mashine yoyote kuletwa. Yafaa kukumbuka kuwa mtoto mdogo hawezi kusema, “Nina kiu isiyo ya kawaida.” Yeye hajui kiu ya kawaida ni ipi. Lazima aonwe na mtu mwingine, na katika nyumba nyingi mtu huyo si baba wala mama, ila kaka au dada mkubwa, maana ndiye achotaye maji na kuanika mikeka.

Mwaka juzi wakati wa likizo, kijijini kwetu kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka minne, mjukuu wa jirani. Bibi yake alisema kwa mzaha kuwa yule si mtoto bali ni ndama, amalizaye mtungi peke yake. Mkeka wake ukawa unaanikwa kila asubuhi. Alipewa dawa ya minyoo, kwa kuwa alikuwa akila na kukonda, na kwa kweli nani asingefikiri minyoo? Kisha akaanza kutapika na kushika tumbo. Akapelekwa kwenye kituo kimoja, akachomwa kidole, malaria ikaonekana, akapewa vidonge na kurudishwa. Baada ya siku mbili alikuwa amelala tu, anahema kwa kina na kwa haraka kama mtu aliyepanda mlima, wala hana kikohozi. Alipofikishwa hospitali, muuguzi alimwuliza bibi swali moja: “Bibi, mtoto anakojoa?” Bibi akajibu, “Mwanangu, huko ndiko kuzidi, kutwa kucha.” Muuguzi akainuka hapo hapo akaleta mashine ya kupima sukari. Mashine haikuonyesha tarakimu, ila herufi mbili tu, HI. Mjomba wa mtoto, ajuaye Kiingereza kidogo, alidhani mashine inawasalimu. Maana yake ni kwamba sukari imepita mwisho wa hesabu ya mashine. Mtoto alitiwa maji na insulini kwa mshipa, akazinduka. Sasa anasoma darasa la kwanza.

Nimeleta habari hiyo kwa ajili ya lile swali. Mtoto aliyetapika na kuharisha, midomo imekauka na macho yameingia ndani, kwa kawaida hukojoa kidogo sana, kwa sababu mwili hushikilia maji yaliyobaki. Ukimwona mtoto amekauka hivyo na huku bado anakojoa sana, kuna kitu kinachoyatoa maji kwa nguvu, na sukari ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Kule kuhema nako kuna sababu yake. Mwili ukikosa sukari ya kutumia huchoma mafuta yake wenyewe, na moshi wa moto huo, tuseme hivyo, ni asidi ziitwazo ketoni. Zikizidi, damu huwa chungu, na mapafu hujitahidi kuzipunguza kwa kuvuta na kutoa pumzi ndefu. Pumzi hiyo huweza kunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Tumbo huuma, mtoto hutapika, fahamu hupungua. Watoto wadogo sana hufika hatua hii upesi kuliko wakubwa, tena dalili zao za mwanzo hazionekani vizuri. Aliyefika hapa si wa kungojea asubuhi.

Sasa tazama jinsi mambo haya yanavyofanana na magonjwa tuliyoyazoea. Kuhema kwa haraka, watu husema nimonia. Kutapika na kuumwa tumbo, husema taifodi au minyoo. Kupoteza fahamu, husema malaria imepanda kichwani. Sisemi malaria isipimwe. Katika nchi zetu ipimwe siku zote. Lakini jibu la malaria halifungi mlango wa sukari. Hapa kwetu mtoto huweza kuwa na vijidudu vya malaria katika damu na asiwe mgonjwa kwa hivyo, na kipimo cha haraka huweza kuendelea kuonyesha mstari kwa majuma kadhaa baada ya mtoto kupona. Tena malaria kali yenyewe mara nyingi huishusha sukari, hata waganga huwapa wagonjwa hao maji ya sukari kwa mshipa. Ukimpa maji hayo mtoto wa kisukari bila kumpima, unamwongezea moto juu ya moto. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani huagiza kwamba mtoto aletwaye hana fahamu au ana degedege apimwe sukari pale pale.

Kupima kwenyewe ni kazi ndogo. Sisi tunaosoma bayolojia tunakijua kipimo cha Benedict, kilichoitwa kwa jina la Mmarekani Stanley Benedict aliyekitengeneza mwanzoni mwa karne ya ishirini. Maji ya buluu yenye shaba huchanganywa na kitu kinachopimwa, kisha huchemshwa. Sukari ikiwapo, rangi hugeuka kijani, au manjano, au nyekundu ya tofali, kwa kadiri ya wingi wake. Sisi hukitumia kwa maji ya ndizi mbivu, lakini kwa miaka mingi ndicho kilichotumiwa kupima mkojo wa wagonjwa. Mtu asije akamleta mdogo wake kwenye maabara ya shule kwa ajili hiyo. Vipo vitu vingine viwezavyo kuibadili rangi ile, na siku hizi vijiti vya kuchovya katika mkojo vyafanya kazi hiyo kwa dakika moja au mbili, tena vingine huonyesha sukari na ketoni pamoja. Havihitaji sindano, kwa hiyo ni msaada mkubwa mahali pasipo na mashine. Sukari ikionekana kwenye kijiti, damu ipimwe siku ile ile.

Mashine ya damu hutaka tone moja tu la kidole au la kisigino cha mtoto mchanga, nayo hujibu kwa sekunde chache. Hapa kuna jambo dogo ambalo wengi hulidharau: kidole kioshwe kwa maji na kukaushwa kwanza. Mtoto aliyetoka kula embe ana sukari kidoleni, na mashine haijui kama imetoka kwenye embe au kwenye damu. Vijiti vya mashine navyo huharibika vikiachwa wazi penye unyevu, au tarehe yake ikipita.

Hesabu ya kukumbuka ni 11.1. Mtoto mwenye dalili hizo, akipimwa saa yoyote, amekula au hakula, na sukari ya damu ikiwa milimoli 11.1 kwa lita au zaidi, hana budi kutibiwa kama mwenye kisukari. Mashine nyingine huandika kwa miligramu, na hapo hesabu ni 200 kwa desilita. Kwa damu ya mtu aliyelala bila kula, kiasi ni 7.0, yaani miligramu 126. Lakini mtoto mwenye dalili asiambiwe arudi kesho bila kula. Kipimo cha njaa ni cha watu wazima wasio na haraka. Ni kweli pia kwamba mtoto aliyezidiwa na ugonjwa mwingine, au aliyekwisha tiwa maji ya sukari, huweza kupanda kwa muda tu. Hayo daktari atayapambanua kwa kurudia kipimo na kutafuta ketoni. Kazi ya aliye nyumbani ni kumfikisha, na kusema waziwazi: “Sista, naomba mtoto apimwe na sukari.” Hakuna muuguzi mwema atakayechukia neno hilo.

Akishajulikana, dawa ni insulini, kwa sindano, kila siku, maisha yote. Haimezwi, kwa kuwa tumbo huisaga kama lisagavyo nyama. Kabla ya hapo hapakuwa na dawa. Frederick Banting na Charles Best waliianza kazi ya kuitafuta huko Toronto, nchi ya Kanada, mwaka 1921, katika maabara ya Profesa Macleod, na James Collip akawasaidia kuisafisha. Januari 1922 akadungwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki na kilo zisizofika 30. Aliishi miaka 13 zaidi. Hapa Uganda, na vilevile Tanzania na Kongo, uliingia mpango wa Changing Diabetes in Children ulioanzishwa mwaka 2009 ili watoto wapate insulini bila malipo. Lakini insulini iliyo katika friji ya hospitali haimsaidii mtoto ambaye hakuna aliyempima. Yeye yuko bado kabla ya mwaka 1922.

Nimesoma habari za madaktari wa mji wa Parma, Italia, nazo zilinifurahisha kuliko nyingine zote. Kuanzia mwaka 1991 walibandika mabango katika mashule, yakiwaeleza wazazi na walimu juu ya mtoto anayerudia kukojoa kitandani na kunywa maji sana, na madaktari wa watoto wakapewa vifaa vya kupimia. Kabla ya hapo, katika kila watoto 100 waliopatikana na kisukari, 78 walifika hospitali wakiwa na asidi katika damu. Katika miaka iliyofuata wakawa 12 au 13. Kilichobadilika kilikuwa karatasi ukutani na vifaa vidogo.

Chama chetu cha Sayansi kimekwisha anza kuchora bango letu. Lina ndoo ya maji, mkeka ulioanikwa, mtoto aliyekonda, na kidole chenye tone la damu. Maneno yatakuwa machache, kwa Kiswahili na kwa lugha ya hapa, na kila mwenye kwenda likizo atapewa nakala moja aibandike karibu na kisima cha kijiji chao, kwa kuwa ndipo wapitapo wachota maji wote.