Kericho inayotajwa Birmingham

Kama umewahi kutoka Sigowet kwenda Kericho mjini, bila shaka ushaliona hekalu la Kalasinga. Na lazima ushasikia stori kwamba ukiingia humo unakula bure. Ni kweli. Unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa mikono, unaketi chini na wenzako kisha sahani inakujia: chapo, dengu, chai. Nyama hakuna. Hakuna pia wa kukuuliza dini yako, kabila lako wala mfukoni una ngapi. Sigara na pombe tu ndizo uache nje.

Sasa hii labda hukuijua. Kule Birmingham, Uingereza, kuna Wasikh wanaomwita mwanzilishi wa chama chao "Kerichowale". Usidhani ni Kiswahili, eti "Kericho, wale". Ni Kipunjabi, na maana yake ni mtu wa Kericho.

Mtu huyo ni Baba Puran Singh. Alizaliwa Punjab, akaja Kenya kijana, akawa fundi mjini Kericho. Wakati huo ardhi ya majani chai ilikuwa ya walowezi. Wakipsigis walikuwa wamesukumwa kwenye reservu, na Mhindi hakuruhusiwa kununua shamba katika nyanda hizo za Wazungu. Ndiyo maana Wasikh wengi walishika randa, nyundo na spana. Jua kali kabla ya jua kali, ukipenda. Joginder Singh, yule dereva aliyeshinda Safari Rally mwaka wa 1965, 1974 na 1976, alizaliwa papa hapa Kericho mwaka wa 1932.

Halafu uhuru ukaja, na mambo yakabadilika. Mwaka wa 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara. Asiye raia alihitaji kibali cha kazi, na kulikuwa na maeneo na bidhaa ambazo hakuruhusiwa kufanyia biashara. Waasia wengi walikuwa na paspoti za Uingereza, basi wakakimbilia huko. Mwaka wa 1968 Uingereza nayo ikafunga mlango, ikabidi watu wapange foleni ya kuingia nchi ambayo paspoti yake walikuwa nayo mkononi. Fikiria hapo kidogo. Huku unaambiwa wewe si wetu, na kule unaambiwa vivyo hivyo.

Baba Puran Singh alihamia Uingereza miaka ya 1970, akiwa mzee. Huko Birmingham aliwakusanya wenzake, wakaanzisha Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha. "Jatha" ni kundi, "sewak" ni mtumishi, na "nishkam" ni kufanya jambo bila kutaka malipo wala sifa. Sisi tuna harambee, lakini tukubaliane kwamba harambee zetu siku hizi huja na kipaza sauti na jina la mheshimiwa. Kwa hao wa Jatha, anayetoa hatangazwi.

Mzee alifariki mwaka wa 1983, lakini chama hakikufa naye. Hekalu lao lipo Soho Road, mtaa wa Handsworth, na jiko lake hulisha yeyote anayeingia. Wamejenga shule Birmingham. Kati ya 1995 na 1999 walisimamia kazi ya kupaka upya dhahabu kwenye Hekalu la Dhahabu kule Amritsar, India. Kiongozi wao wa tatu, Bhai Mohinder Singh, ni mzaliwa wa Uganda. Yaani chama kizima kina vumbi la Afrika Mashariki miguuni.

Na walirudi. Hekalu unaloliona Kericho, ambalo husemwa kuwa kubwa kuliko yote ya Wasikh barani Afrika, linamkumbuka huyo fundi. Mjini humo pia kuna chuo chenye jina lake, Nishkam Saint Puran Singh Institute, kinachofundisha vijana ufundi, na si lazima uwe Singh ili usome hapo.

Wasikh wenyewe waliobaki Kericho ni wachache sana sasa. Kwa hiyo ukienda kula, usiketi tu. Ingia jikoni uombe kazi, maana huko yeyote anaruhusiwa kusaidia. Huenda ukapewa vitunguu umenye, au sufuria ambazo hujawahi kuona ukubwa wake uzisugue.