Kazi, Ajira na Matunzo: Istilahi za Kupimia Saa za Kaya

Katika fomu nyingi pana mahali palipoandikwa neno "Kazi". Mama aliyeamka alfajiri kuteka maji, akawasha moto, akamwogesha mtoto na kumpeleka mama mkwe zahanati, huandikiwa hapo "Hana". Mumewe, ambaye ni tarishi mwenye mshahara, huandikiwa kazi yake. Kosa hilo halitokani na uvivu wa karani, bali latokana na neno kubanwa maana yake. Katika makala haya twakusudia kuzieleza istilahi zinazohusu jinsi kaya zinavyogawana saa kati ya kazi za mshahara na kazi za kutunza watu, na kupendekeza matumizi yake.

Tuanze na kazi. Katika Kiswahili neno hili halikupata kufungwa na mshahara. Wahenga walisema: "Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana." Wataalamu wa takwimu za kazi, waliokutana Geneva mwaka 2013, walifikia maana iliyo karibu na hiyo: kazi ni shughuli yoyote ya kuzalisha vitu au huduma kwa matumizi ya wengine au ya mwenyewe, iwe ina malipo au haina. Sehemu ya kazi inayofanywa kwa malipo au faida ndiyo ajira. Basi mfasiri wa hojaji asiandike "Je, una kazi?" pale inapoulizwa ajira.

Jambo hili si la wanalugha peke yao. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama, inapogawa mali ya wanandoa waliotalikiana, iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Majaji walitofautiana: je, kupika na kulea ni kazi kwa maana ya kifungu hicho? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kuwa ni kazi, nayo ni mchango katika kuipata mali ya ndoa. Haki ya mke ilitegemea upana wa neno moja.

Pili ni matunzo. Kiswahili hutenganisha: mtoto hulelewa, mgonjwa huuguzwa, mzee hutunzwa. Utajiri huo tusiupoteze. Lakini linahitajika neno moja la kuyajumlisha yote. Huduma ni pana mno, kwani hata maji na umeme ni huduma. Uangalizi hukumbusha wasimamizi wa uchaguzi. Matunzo lafaa zaidi, ila mahakamani lina maana ya fedha anazoamriwa mtu kumpa mwenzi au mtoto. Kwa hiyo twapendekeza liandikwe kazi za matunzo, si matunzo pekee.

Tatu ni malipo. Baadhi ya wafasiri huandika "kazi za bure". Hili tulikatae, kwa kuwa kazi bure ni kazi isiyo na manufaa. "Kazi za kujitolea" nalo halifai, maana anayejitolea aweza kuacha. Mwenye mtoto mchanga hawezi. Tuseme kazi zisizo na malipo.

Sasa tuje kwenye saa zenyewe. Shirika la Kazi Duniani lilieleza mwaka 2018 kwamba, kwa wastani wa nchi zilizopimwa, mwanamke hutumia saa 4 na dakika 25 kwa siku katika kazi za matunzo zisizo na malipo, na mwanamume saa 1 na dakika 23. Nchini Tanzania, tafiti za nguvukazi za mwaka 2006 na 2014 ziliuliza pia matumizi ya muda. Ugumu wa kupima ni kwamba apikaye huku amebeba mtoto mgongoni hujibu, "Nilikuwa napika." Malezi hayaandikwi. Karani hana budi kuuliza, "Na wakati huo huo ulikuwa ukifanya nini kingine?"

Lipo pia neno kusaidia. Mume asemapo, "Namsaidia mke wangu kulea," amekwisha kutamka kwamba malezi ni ya mke. Mwalimu na mwandishi wa vitabu vya shule watumie kugawana. Hata sheria yagawa saa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara, ilimpa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na baba siku zisizopungua 3.

Kwa muhtasari twapendekeza:

1. Kazi: shughuli yoyote ya kuzalisha vitu au huduma, yenye malipo au isiyo nayo.
2. Ajira: kazi ya malipo au faida.
3. Kazi za matunzo zisizo na malipo: kulea, kuuguza, kutunza wazee, na kazi za nyumba zinazoambatana nayo.
4. Shughuli kuu: ile anayoitaja mhojiwa kwanza kwa saa fulani.
5. Shughuli sambamba: ifanywayo pamoja na shughuli kuu.

Twawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wazijaribu istilahi hizi katika fomu na vitabu vyao, na watuletee maoni hasa kuhusu hiyo ya tatu, ambayo urefu wake waweza kuwachosha watumiaji.